Muhamadi Kijumwa na Wanafunzi Wake wa Mbali

Muhamadi bin Abubakari Kijumwa alizaliwa Lamu mnamo mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Katika umri huo mrefu alijulikana kwa kazi nyingi: alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchongaji wa mbao, na mwandishi wa hati zilizosifiwa kwa uzuri. Hata hivyo, kazi iliyolifikisha jina lake nje ya mwambao ni ile ya kuwajibu wanafunzi. Wanafunzi hao hawakuwa watoto wa chuoni, bali wataalamu wa Ulaya waliotaka kufahamu tungo za kale, maana za maneno yake, na nyimbo na ngoma za sherehe za Waamu.

Haja yao ya kuuliza ilikuwa kubwa. Tenzi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo kiasili hazina alama za sauti kama p, v na ch. Neno moja liliweza kusomwa kwa namna mbili au tatu, na ni mjuzi wa mizani, vina na lugha aliyeweza kuamua. Lahaja nayo ilileta ugumu wake. Aliyejifunza Kiswahili cha Unguja alikuta mato mahali pa macho, nti mahali pa nchi, na ndoo ambayo si chombo cha kutekea maji bali ni njoo. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 ilielemea zaidi Kimvita, hivyo haikuweza kumaliza maswali ya msomaji wa Kiamu.

Miongoni mwa waliomwendea ni Alice Werner, aliyezuru Afrika Mashariki kati ya mwaka 1911 na 1913, na baadaye akafundisha Kiswahili London. Mwaka 1913 Kijumwa aliandika utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa aliyesalitiwa na mwanawe na kuchomwa kitovuni kwa sindano ya shaba. Masimulizi hayo yalikuwa yakijulikana mwambaoni tangu kale. Kijumwa aliyapa umbo la utenzi unaosomwa hadi leo.

Katika miaka ya 1930 maswali yalikuja kwa barua. William Hichens, aliyekuwa Uingereza, alimwomba nakala na ufafanuzi, naye alichapisha Al-Inkishafi mwaka 1939. Mmisionari Mjerumani Ernst Dammann alifanya naye kazi Lamu kwenyewe, na mwaka 1940 akatoa mkusanyiko mkubwa wa tungo za Kiamu. Kijumwa alinakili, akafafanua, akapokea ujira, na hati zake zikasafiri. Nyingi zimehifadhiwa London na Ujerumani.

Mahusiano hayo yanazua suala zito la kihakiki. Katika vitabu vilivyochapishwa, aliyeuliza ndiye aliyeonekana kuwa mtaalamu, na aliyejibu akatajwa kama mnakili au msaidizi. Mgawanyo huo haulingani na kazi yenyewe. Kuamua neno lisomwe vipi ni kuhariri. Kueleza maana yake ni kufasiri. Aidha, mnakili ambaye mwenyewe ni mshairi si kioo kitupu cha matini anayoinakili, na nakala zake zinapaswa kuchunguzwa kwa kuzingatia mkono wake. Vilevile, maswali ya wageni yalichangia kuamua kipi kiandikwe na kuhifadhiwa. Lisiloulizwa lilibaki vinywani mwa watu, na huenda mengine yamepotea pamoja nao.

Haki ya Kijumwa imeanza kutolewa polepole. Mwaka 1983 maisha na kazi zake zilikuwa mada ya tasnifu ya uzamivu ya Abou Egl katika Chuo Kikuu cha London, na mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walichapisha kitabu kinachobeba jina lake. Katika Afrika Mashariki, Tenzi Tatu za Kale, kilichohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa mwaka 1999, kiliwapa wasomaji utenzi wa Liyongo pamoja na maelezo. Mwanafunzi anayeulizwa leo kuhusu ushujaa wa Liyongo anafaa kuelekezwa pia kwa mzee wa Lamu aliyeutunga utenzi huo, kwa maana jibu lake linaanzia hapo.