Al-Khwarizmi, aliyeifanya aljebra ionekane kwa macho

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasaidia watoto wa mtaani kwetu kazi za nyumbani za hisabati, na wengi huniuliza ni nani aliyewaletea balaa la aljebra. Huwa nawasimulia habari za Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi.

Mwanazuoni huyo alizaliwa yapata mwaka 780. Jina lake linamhusisha na Khwarazm, eneo lililo kusini mwa Bahari ya Aral, Asia ya Kati. Alifanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, na khalifa huyo ndiye aliyetunukiwa kitabu chake cha al-jabr.

Kitabu hicho hakikuandikwa kuwatesa wanafunzi. Sehemu kubwa yake inahusu mirathi, wasia, biashara na upimaji wa ardhi. Mtu anapofariki akaacha mjane, watoto na wasia, kila mmoja sharti apate fungu lake. Hesabu ikikosewa, kuna atakayedhulumiwa. Neno lenyewe al-jabr lina maana ya kurudishia, na kwa Kiarabu hutumika pia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Katika mlinganyo, kilichopunguzwa upande mmoja hurudishwa kwa kuongezwa pande zote mbili.

Al-Khwarizmi hakutumia x wala alama yoyote, bali aliandika kila kitu kwa maneno. Swali lake maarufu ni hili: mraba wa namba fulani, ukijumlishwa na mara kumi ya namba hiyo, unapata 39. Namba hiyo ni ipi?

Hapo ndipo wanafunzi wangu hukwama, nami huwaambia wachukue penseli wachore kama alivyochora yeye. Chora mraba ambao upande wake ndiyo namba usiyoijua. Ile kumi igawe mara mbili, kisha bandika mstatili wenye upana wa 5 kwenye pande mbili za mraba zinazokutana. Eneo lote sasa ni 39, lakini pembeni pamebaki pengo la 5 kwa 5, yaani 25. Lizibe. Umepata mraba mkubwa wenye eneo la 64, na upande wake ni 8. Toa 5, jibu ni 3. Hakiki: 9 na 30 ni 39.

Leo tunajua kwamba hasi 13 nayo inakubali. Yeye hakuihesabu, maana hakuna upande wa mraba wenye urefu chini ya sifuri.

Alifariki yapata mwaka 850. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikitafsiri kitabu hicho kwa Kilatini, na al-jabr ikawa aljebra. Jina lake nalo ndilo lililozaa neno algoridhimu, yaani hatua zinazofuatwa na kompyuta.

Mzazi, mwanao akilia na milinganyo, usimwambie akariri kanuni kwanza. Mpe karatasi achore.