Jambazi wa Chiromo: maisha ya Ewart Grogan na ubishi wa vijana wa Westlands

Mwezi uliopita nilipanda treni Miritini nikaenda Nairobi kumtembelea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi Westlands. Jumamosi jioni walikuja wenzake wanne. Nilidhani watatazama mpira. Kumbe desturi yao ni kutazama filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, kisha kubishana hadi usiku wa manane.

Ubishi wa siku hiyo ulihusu majambazi. Mmoja alishikilia kwamba Killmonger, yule anayenyakua kiti cha enzi katika Black Panther, hakuwa mbaya, alidhulumiwa tangu utotoni. Wa pili alimtetea Thanos, anayeangamiza nusu ya viumbe vyote ili nusu iliyobaki ipate chakula cha kutosha. Wa tatu alimtaja Magneto, ambaye wazazi wake waliuawa na Wanazi, na akauliza nani angemlaumu mtu kama huyo kwa kuwachukia wanadamu.

Sisi tuliokulia Mombasa, tukalelewa na Regal na Naaz, hatukuwa na mambo hayo. Stelingi ni stelingi na jambazi ni jambazi. Gabbar Singh wa Sholay tulimpenda sana, tuliiga sauti yake na kicheko chake njia nzima kurudi nyumbani, lakini hakuna aliyesema Gabbar alikuwa na haki. Mpwa wangu akaniuliza: mjomba, wewe wasemaje? Nikamwambia kwamba jambazi wa aina hiyo, mwenye mapenzi, ushujaa na huzuni yake, aliwahi kujenga nyumba mwendo wa miguu tu kutoka pale tulipoketi. Nikawasimulia maisha ya Ewart Grogan, na leo nakusimulia wewe msomaji, kwa sababu Pwani nasi tunamhusu.

Ewart Scott Grogan alizaliwa Uingereza mwaka 1874, katika familia yenye watoto wengi kupita kiasi. Alikuwa mtukutu tangu zamani. Chuo Kikuu cha Cambridge kilimfukuza. Mwaka 1896 alikuwa kusini mwa Afrika, akipigana upande wa watu wa Cecil Rhodes dhidi ya Wandebele. Baadaye akasafiri hadi New Zealand na huko akampenda msichana aitwaye Gertrude. Baba wa kambo wa Gertrude hakupendezwa na kijana asiye na kazi wala mali. Grogan akaahidi kufanya jambo ambalo halijafanywa na mtu: kuvuka bara la Afrika kutoka kusini hadi Cairo.

Hapo vijana walikaa wima. Huo ndio mwanzo wanaoupenda, kijana aliyekataliwa akiweka nadhiri kwa ajili ya mapenzi.

Aliondoka Beira mapema mwaka 1898. Alipita Nyasaland, akafuata Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, kisha Kivu na milima ya volkano ya Rwanda, Uganda, na vinamasi vya Mto Naili. Mwenzake, Arthur Sharp, alirudi kwao kabla ya mwisho. Grogan aliugua homa mara nyingi, akapigana, akaua watu njiani, na mwanzoni mwa mwaka 1900 akafika Cairo. Mwaka huohuo alimwoa Gertrude na kitabu chake kikatoka. Hadi leo husemwa kwamba Grogan alitembea kutoka Rasi hadi Cairo. Lakini mizigo yake haikutembea yenyewe. Ilibebwa vichwani na wapagazi, na wao hawakuandika kitabu.

Mwaka 1904 alihamia Kenya. Nairobi ilikuwa mji mchanga wa mabati, na Grogan alikuwa na jicho kali la biashara. Alitafuta misitu ya mbao. Alipata ardhi ya kinamasi kando ya mto, chini ya Ngara, ambayo wengine waliiona haifai kitu. Barabara ya huko iliitwa Grogan Road. Leo ni Kirinyaga Road, lakini fundi wa magari wa Nairobi bado atakuambia uende Grogan ukatafute vipuri. Upande wa magharibi wa mji alijenga nyumba, akaiita Chiromo, jina la mahali alipopita safarini huko Nyasaland. Leo Chiromo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na wanafunzi wa sayansi hupita hapo kila asubuhi.

Sasa tufike mwezi Machi mwaka 1907. Wanaume watatu Wakikuyu, wavutaji wa riksho, walishtakiwa kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu waliokuwa abiria wao, mmoja wao dada yake Grogan. Hawakupelekwa kortini kusikilizwa. Grogan, ambaye wakati huo alikuwa rais wa chama cha walowezi, aliwaleta mpaka mbele ya jengo la mahakama ya Nairobi, umati wa walowezi ukikusanyika. Hakimu alitoka akajaribu kuwazuia, hakusikilizwa. Wale watatu wakachapwa kiboko hadharani, mbele ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya haki.

Grogan alishtakiwa. Lakini kosa alilotiwa nalo hatiani lilikuwa kushiriki mkusanyiko usio halali. Kifungo kilikuwa mwezi mmoja, na hakukitumikia katika gereza la kawaida bali katika nyumba kwenye kilima cha Nairobi. Akatoka, maisha yakaendelea.

Na yaliendelea vizuri. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alitumika kama ofisa wa upelelezi wa Waingereza. Mwaka 1928 ilifunguliwa hoteli yake, Torr's, katikati ya mji, kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue, na wazungu wa Nairobi walicheza dansi humo miaka mingi. Huku kwetu Mombasa alijenga gati la Mbaraki, ambalo baadaye serikali ililinunua. Kule Taveta alichimba mifereji, akapanda mkonge, na juu ya kilima akajenga jumba ambalo wenyeji na watalii wanaliita Grogan Castle mpaka leo. Msomaji wa Taveta hahitaji kuambiwa na mimi kwamba suala la mashamba makubwa na watu wasio na ardhi halikwisha na mkoloni.

Mwaka 1943 Gertrude alifariki. Waliomjua Grogan hawana shaka kwamba alimpenda. Alitoa ardhi na fedha Muthaiga, na mwaka 1947 ikaanzishwa hospitali ya watoto yenye jina la mkewe, Gertrude's Garden. Enzi hiyo matibabu ya Nairobi yaligawanywa kwa rangi ya ngozi. Lakini ukoloni uliondoka, hospitali ikabaki.

Wala uzee haukumlainisha. Miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau, alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria na mmoja wa waliotaka wapiganaji waadhibiwe bila huruma. Alifia Cape Town mwaka 1967, akiwa na miaka 92, Kenya ikiwa huru kwa karibu miaka minne.

Nilipomaliza, sebule ilikuwa kimya. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa kimya zaidi, na sababu naijua. Alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na nimonia, kifua kikipanda na kushuka kama cha kifaranga. Dada yangu alimbeba usiku hadi hospitali hiyohiyo ya Gertrude's. Siku tano alilala pale. Mimi nilikuwa Mombasa, nikisubiri simu na kuomba Mungu. Kijana huyo aliyekuwa akimtetea Magneto anapumua kwa sababu mahali hapo palikuwepo.

Akaniuliza kwa sauti ya chini: je, ana deni kwa mtu aliyewachapa wale watatu?

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa hiyo haki ya Grogan naitoa. Aliacha hospitali, na watoto wengi wamepona humo, akiwemo mtoto wetu. Sisemi hospitali ni najisi kwa sababu ya mkono ulioianzisha. Shukrani zetu kwanza ni kwa madaktari na wauguzi wa usiku ule, na ikibaki chembe, na aipate yeye na Gertrude wake.

Lakini nikamwambia hivi: deni la wale watatu si letu kulisamehe. Sisi hatukuchapwa. Hospitali ni malipo kwa watoto, haikuwa malipo kwa wavutaji riksho. Ni hesabu mbili katika daftari mbili, na anayejaribu kutoa moja kwenye nyingine ili apate jawabu kama Grogan alikuwa mwema au mwovu, amewaondoa watu watatu kwenye hesabu bila ya kuwauliza.

Na hapo ndipo naona filamu zinatuchezea. Chukueni Magneto. Alipoanza kuchapishwa mwaka 1963 hakuwa na kambi ya Wanazi wala wazazi waliouawa. Alikuwa mbaya tu, kama Gabbar. Huzuni yake iliongezwa na mwandishi mwingine karibu miaka ishirini baadaye, na tangu hapo watu wakaanza kumtetea. Simlaumu mwandishi, hadithi ilinoga. Ila tujue kwamba huruma yetu humfuata yule ambaye mwenye kalamu ameamua kutuonyesha utoto wake. Grogan alikuwa na kalamu. Tunajua alimpenda nani, alikataliwa na nani, alizikaje huzuni yake. Wavutaji riksho nao walikuwa na mama, na pengine wachumba ambao baba zao walitaka mahari wasiyokuwa nayo. Hakuna aliyelizungumza hilo. Niliwauliza vijana wale, wote wasomi, ni nani amewahi kusikia jina la Grogan. Watatu walikuwa wamelisikia. Nikauliza ni nani anajua jina la hata mmoja wa waliochapwa. Hakuna. Nami sikuweza kulitaja.

Sikuwaambia waache filamu zao. Kubishana juu ya jambazi ni kazi nzuri ya akili, bora mara mia kuliko kubishana juu ya wanasiasa wetu wakati wa uchaguzi, ingawa nahofu ni ubishi uleule: huyu ametuibia, lakini ametujengea barabara. Niliwaomba jambo moja tu. Kabla ya kuuliza kama jambazi alikuwa na sababu, waulize nani aliumizwa, na wamtaje kwa jina lake.

Jumatatu nikiwa kwenye treni, tumeshapita Voi, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mpwa wangu. Ameiangalia tena Black Panther peke yake, na ameona kitu alichokipita mara zote. Killmonger anampiga risasi mwanamke aliyekuwa mwandani wake mwenyewe, ili amfikie adui yake. Mwanamke anaanguka, filamu inaendelea. Amewauliza wenzake wote wanne anaitwa nani.

Hakuna hata mmoja aliyejua.