Mfahamu Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu aliyechukuliwa ofisini akapotea jumla

Wazee wa Mwanza wanaikumbuka Septemba 1972, ndege za Idi Amin zilipokuja kudondosha mabomu huku kwetu. Wewe unayesoma hii ukiwa Kiseke yenye nyumba kila kona, jua kwamba siku zilezile, ng'ambo ya Ziwa, Jaji Mkuu wa Uganda alichukuliwa ofisini kwake mchana kweupe.

Jina lake Benedicto Kiwanuka. Alizaliwa 1922 upande wa Masaka, akapigana Vita vya Pili vya Dunia akiwa askari wa KAR, kisha akaenda London kusomea sheria. Mwaka 1958 akashika uongozi wa chama cha DP, akashinda uchaguzi wa 1961. Machi 1962 akawa Waziri Mkuu, lakini uchaguzi wa Aprili Obote akamtoa.

Obote huyohuyo alimweka ndani 1969. Amin alipopindua nchi 1971 akamfungulia, na mwaka huohuo akampa ujaji mkuu, Mganda wa kwanza kukalia kiti hicho. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Septemba 1972 ililetwa mbele yake kesi ya Mwingereza mmoja aliyekamatwa na wanajeshi. Kiwanuka akaamua kwamba jeshi halina mamlaka ya kukamata raia hovyo, akaamuru jamaa aachiwe. Kumwambia Amin hivyo kulihitaji moyo kwelikweli.

Tarehe 17 wapiganaji wa Obote wakaingia Uganda wakitokea Tanzania. Amin akaanza kusaka kila aliyemshuku. Tarehe 21 watu wenye silaha wakaingia Mahakama Kuu Kampala, wakamtoa Kiwanuka, wakamtia kwenye gari. Hakuonekana tena. Serikali ikadai waliomteka ni wale wapiganaji, yaani watu wa Obote, aliyemfunga! Nani angeamini?

Kelele zilipozidi, 1974 Amin mwenyewe aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea, chini ya Jaji Mohamed Saied. Wengi huihesabu kuwa tume ya kwanza ya ukweli duniani, miaka zaidi ya 20 kabla ya ile ya Askofu Tutu kule Afrika Kusini. Ilisikiliza mashahidi 545, ikaorodhesha watu 308 waliopotea, na ikavinyooshea kidole vyombo vya usalama vya Amin. Ripoti ikafungiwa kabatini. Baadhi ya waliokaa kwenye tume ndio wakaandamwa: mmoja wao akaikimbia nchi.

Mwaka 1986 Museveni aliunda tume nyingine, chini ya Jaji Arthur Oder. Ilifanya kazi hadi 1994, mara nyingi ikikwama kwa kukosa fedha. Iliyoyasikia ni mengi. Waliofikishwa mahakamani, wachache mno.

Familia ya Kiwanuka haijawahi kupewa mwili wa kuzika. Siku hizi Mahakama ya Uganda huandaa mhadhara wa kumkumbuka kila Septemba.