Skues, wakili aliyepoteza mto kwa sababu ya tunutu

SHABIKI anayemkumbuka Victor Wanyama akikaba viungo pale Southampton anaujua uwanja wa St Mary's. Karibu na uwanja huo unapita mto Itchen, ukielekea baharini. Ukiufuata mto huo kwenda juu hadi Winchester unafika Abbots Barton. Hapo kulikuwa na ugomvi mkubwa wa kimichezo ambao haukuhusu mpira hata kidogo. Ulihusu namna ya kumvua samaki.

Mtu wa kati katika ugomvi huo ni George Edward Mackenzie Skues. Alizaliwa 13 Agosti 1858 huko St John's, Newfoundland, mtoto wa daktari wa jeshi. Alisoma Winchester, kisha akawa wakili London. Hakuoa. Likizo na mapumziko yake aliyapeleka mtoni, na kuanzia 1883 mto wake ukawa Itchen.

Samaki wa pale ni trauti. Wenye mchezo wao hawatumii nyavu wala minyoo. Wanatumia inzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa uzi na manyoya mpaka ifanane na mdudu. Anayemfunga inzi vibaya anarudi nyumbani mikono mitupu.

Enzi hizo kocha mkuu wa fikra alikuwa Frederic Halford. Kitabu chake cha 1886 kilifundisha jinsi ya kufunga inzi wa kuelea, na wafuasi wake wakakigeuza kuwa sheria: subiri umwone samaki anapanda kula, mrushie kutoka chini ya mkondo, na inzi abaki juu ya maji. Kumzamisha ilikuwa kama kufunga bao kwa mkono.

Skues naye alicheza hivyo hivyo, hadi inzi wake mmoja, aliyefungwa kwa unyoya usiofaa, alipolowa na kuzama kidogo. Trauti akamdaka. Mwingine angesema ni bahati tu na kuendelea. Wakili huyu alitaka ushahidi.

Akaanza kuwapima samaki aliowavua. Alichukua kijiko chembamba cha kuchotea uboho wa mifupa, akakiingiza hadi tumboni mwa trauti, kisha akamwaga alichokipata kwenye sahani nyeupe yenye maji. Pale sahanini jibu lilikuwa wazi. Wadudu wenye mabawa hawakuwa wengi. Waliojaa ni tunutu, watoto wa wadudu ambao mabawa yao bado hayajakunjuka.

Sababu yake ni rahisi. Mdudu huyo wa mtoni anaishi chini ya maji miezi mingi, wengine mwaka mzima na zaidi. Akishaota mabawa anaruka, anataga na kufa ndani ya siku moja au mbili. Sasa trauti asubiri nini juu, wakati chakula kiko tele chini?

Skues akafunga tunutu wake. Alichukua ndoana ndogo, akaizungushia hariri, akaweka mkia mfupi wa nyuzi chache za unyoya na mwili mwembamba wa manyoya laini ya mnyama. Karibu na kichwa alinenepesha, maana hapo ndipo tunutu hubeba mabawa yaliyokunjwa. Mwisho alizungusha unyoya mfupi mara moja au mbili, uwe miguu. Kosa la wengi ni kujaza unyoya, matokeo yake inzi anakataa kuzama. Alijali pia rangi baada ya kulowa, kwa kuwa samaki haoni kitu kikavu.

Kumvulia kulitaka jicho kali. Skues hakuvua kwa kubahatisha. Alimtafuta samaki anayekula karibu na uso wa maji, akarusha juu yake, akaacha mkondo umlete tunutu mpaka mdomoni. Uzi ukisita kidogo, au samaki akigeuka, hapo hapo unavuta. Ukichelewa umekwisha, ameshautema.

Mwaka 1910 alitoa kitabu cha kwanza kutetea mbinu hiyo, na 1921 akaongeza kingine. Halford alifariki 1914, lakini wafuasi wake walikomaa. Walidai tunutu anaua mchezo na kujeruhi samaki wadogo. Februari 1938 suala likapelekwa kwenye mdahalo katika klabu ya wavuvi hao London. Mzee wa miaka 79 alisimama kujitetea mbele ya wapinzani wazito, na upepo haukuwa upande wake.

Pigo lililouma zaidi lilitoka nyumbani. Wenzake waliokodi naye Abbots Barton nao hawakuutaka uvuvi wake. Mwaka huo huo wa 1938 akaondoka, baada ya miaka 55 kwenye mto uleule. Hakukunja jamvi. Mwaka 1939 alitoa kitabu kizima kuhusu tunutu, na akaendelea kuvua kwenye mto Nadder.

Alifariki 9 Agosti 1949, siku nne kabla ya kutimiza miaka 91. Majivu yake yalimwagwa Itchen, pale pale Abbots Barton.

Leo ni wachache wanaobisha. Tunutu wa kufunga yumo kwenye kisanduku cha karibu kila mvuvi wa trauti. Amerika Kaskazini wanamwongezea uzito na kumzamisha hadi karibu na mawe, wakimsaka stilihedi, yule trauti mkubwa anayekwenda kukulia kwenye maji makuu na kurudi mtoni kuzaa. Wenzake walimtoa Skues mtoni, lakini mbinu yake imeenda mbali kuliko sheria yao.