Gertrude Elion: Mkemia Aliyeyahadaa Maradhi

Katika kituo cha afya cha Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyoko wilayani Dowa, si mbali na Lilongwe, mama mjamzito mwenye virusi vya Ukimwi hupewa kidonge cha kumeza kila siku. Msingi wa huduma hiyo ni uamuzi uliopitishwa na serikali mjini Lilongwe mwaka 2011: wajawazito na wanaonyonyesha wote wenye virusi waanzishiwe dawa za maisha, pasipo kungoja kipimo cha kinga ya mwili. Mashine za kipimo hicho zilikuwa adimu, na kungoja kulihatarisha maisha ya watoto. Malawi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuchukua hatua hiyo.

Asili ya kidonge hicho inaturudisha kwa hayati Bi. Gertrude Elion, aliyezaliwa New York tarehe 23 Januari, 1918, kwa wazazi wahamiaji. Alipokuwa na umri wa miaka 15, babu yake alifariki kwa saratani ya tumbo. Ndipo alipoazimia kupambana na maradhi. Alihitimu kemia mwaka 1937, lakini maabara zilimfungia milango kwa kuwa alikuwa mwanamke. Alifundisha, akafanya kazi bila mshahara, akapima ubora wa vyakula. Mwaka 1941 mchumba wake alifariki kwa maradhi ya moyo ambayo penisilini, miaka michache baadaye, ingeweza kuyatibu. Hakuolewa kamwe.

Vita Kuu ya Pili ilipowachukua wanaume, kampuni ya Burroughs Wellcome ilimwajiri mwaka 1944, chini ya George Hitchings. Wawili hao walifuata kanuni moja. Seli za saratani, bakteria na virusi haviwezi kuongezeka bila kunakili maandishi yao ya urithi, nayo hujengwa kwa nukleotidi, mithili ya nyumba ya matofali. Basi wakatengeneza matofali ya bandia, yafananayo na ya kweli. Adui akiyapokea, ujenzi wake hukwama.

Dawa ya merkaptopurini, iliyoidhinishwa mwaka 1953, iliwapa nafuu watoto wenye saratani ya damu. Hata hivyo, maradhi yaliwarudia wengi, mpaka madaktari walipojifunza kuichanganya na dawa nyingine. Baadaye ilifuata asikloviri, ya virusi vya malengelenge. Dawa hiyo hulala kimya ndani ya seli nzima. Kimeng'enya cha virusi vyenyewe ndicho kinachoiamsha.

Bi. Elion alistaafu mwaka 1983. Maabara yake ya zamani ilitoa AZT, dawa ya kwanza ya Ukimwi kuidhinishwa, mwaka 1987. Mwaka uliofuata alitunukiwa Nishani ya Nobel pamoja na Hitchings na James Black, ilhali hakuwahi kukamilisha masomo ya shahada ya udaktari. Alifariki tarehe 21 Februari, 1999.

Ndani ya kidonge cha Dzaleka mna dawa tatu. Mbili kati yake, lamivudini na tenofoviri iliyobuniwa na Antonín Holý wa Prague, ni matofali ya bandia. Mama akikimeza bila kukosa, mtoto wake ana matumaini makubwa ya kuzaliwa salama. Hivyo ndivyo kazi ya binti aliyefungiwa milango ilivyofika hadi kwa mama aliyeikimbia nchi yake.