Banting: Daktari Aliyeuza Insulini kwa Dola Moja

Kabla ya mwaka wa 1922, mtoto aliyeshikwa na kisukari kikali alikuwa ni wa kuhesabiwa siku. Madaktari walimpunguzia chakula ili aongeze miezi michache, na mwishowe alikufa amebaki mifupa mitupu. Mmoja wa waliouvunja msiba huo ni Frederick Banting, mtoto wa mkulima, aliyezaliwa Novemba 14, 1891, karibu na Alliston, Kanada.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Toronto, akajeruhiwa vitani Ufaransa mwaka wa 1918, kisha akafungua zahanati iliyokosa wagonjwa. Usiku mmoja wa Oktoba 1920, baada ya kusoma makala juu ya kongosho, usingizi ulimpaa akaandika wazo lake. Profesa Macleod wa Toronto akampa chumba, mbwa wa majaribio na msaidizi kijana, Charles Best. Baadaye aliongezwa James Collip, bingwa wa kemia, ambaye ndiye aliyeisafisha dawa ikamfaa mgonjwa. Mnamo Januari 1922 insulini ikamrudishia nguvu kijana Leonard Thompson.

Basi likazuka swali: mali hii ni ya nani? Ilitakiwa hataza, yaani hati inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze alichovumbua. Banting alikataa jina lake litiwe humo, maana aliona ni kinyume cha kiapo cha daktari. Ombi la kwanza lilibeba majina ya Best na Collip, ambao hawakuwa madaktari. Lakini kuiacha dawa bila hati kulikuwa na hatari kubwa zaidi: mjanja yeyote angeweza kuiandikisha kwa jina lake na kuwafungia wengine mlango. Tena, hati isiyo na jina la Banting ingeweza kupingwa. Mwishowe alikubali.

Januari 23, 1923, watatu hao waliiuzia Toronto haki zao kwa dola moja kila mmoja. Kamati ya chuo ikawa ndiyo inayotoa ruhusa kwa watengenezaji na kusimamia upimaji wa nguvu ya dawa, na mrabaha ukarudi katika utafiti. Kazi haikuwa rahisi. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, iliyokuwa imepewa ruhusa ya kwanza, ilitaka hataza yake yenyewe juu ya njia bora ya kutengeneza, na chuo kikapinga.

Tusimfanye Banting malaika. Fedha aliziacha, lakini sifa hakuziacha. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka huo pamoja na Macleod, alighadhibika kwamba Best amesahauliwa, akamgawia nusu ya fedha zake. Macleod naye akamgawia Collip. Serikali ya Kanada ilimpa Banting dola 7,500 kila mwaka, kwa hiyo hakulala njaa.

Alikufa Februari 21, 1941, katika ajali ya ndege huko Newfoundland, akiwa safarini kwenda Uingereza kwa shughuli za vita.