Frank Hornby

Frank Hornby (15 Mei 1863 – 21 Septemba 1936) alikuwa mvumbuzi, mfanyabiashara na mwanasiasa kutoka mji wa Liverpool nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa vichezeo vya aina tatu vilivyotoka katika kiwanda chake: vipande vya chuma vya kuundia mashine vinavyoitwa Meccano, treni ndogo zenye jina lake mwenyewe, na magari madogo ya Dinky Toys. Wakusanyaji wa vichezeo vya zamani hawajaacha kubishana kuhusu kazi yake. Swali lao kubwa ni hili: kichezeo kikipewa jina la gari au treni halisi, kinatakiwa kufanana nayo kwa kiasi gani?

Maisha ya awali

Hornby alizaliwa katika mtaa wa Copperas Hill mjini Liverpool. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akaanza kazi ya kutunza fedha katika biashara ya baba yake. Mwaka 1887 alimwoa Clara Walker Godefroy, aliyekuwa mwalimu. Walijaliwa watoto watatu: Roland, Douglas na binti aliyeitwa Patricia.

Baba yake alipofariki mwaka 1899 biashara ya familia ilifungwa. Hornby akapata kazi ya kuandika vitabu vya hesabu kwa David Elliott, mwagizaji wa nyama. Hakuwahi kusomea uhandisi, na ufundi aliokuwa nao aliupata kwa kujaribu mwenyewe nyumbani.

Meccano

Wakati huo alikuwa akiwatengenezea wanawe winchi, madaraja na magari kwa bati alilolikata kwa mkono. Tatizo lilikuwa kwamba kila kichezeo kipya kilihitaji vipande vipya. Hornby akaamua kukata vipande vyote kwa kipimo kimoja na kuvitoboa matundu yaliyoachana nusu inchi, yaani milimita 12.7, ili kipande chochote kiweze kufungwa na kingine kwa bolti na nati. Winchi ikichosha inafunguliwa, na vipande vilevile vinakuwa daraja.

Mwaka 1901 alipata hataza ya uvumbuzi huo kwa pauni tano alizokopeshwa na mwajiri wake. Mwaka uliofuata vipande hivyo vilianza kuuzwa kwa jina la Mechanics Made Easy. Profesa Hele-Shaw, aliyeongoza idara ya uhandisi katika chuo kikuu cha Liverpool, aliviunga mkono, jambo lililowasaidia sana wenye maduka kuviamini. Hata hivyo faida ya kwanza ilichelewa hadi mwaka 1906. Jina la Meccano lilisajiliwa mwaka 1907 na kampuni ikaundwa mwaka 1908. Mwaka 1914 ilihamia kiwanda kikubwa cha Binns Road, Liverpool.

Winchi ya Meccano haikumdanganya mtu. Ilikuwa na matundu kila mahali, nati zilionekana, na mtoto alijua kwamba ameunda mfano wa namna winchi inavyofanya kazi na si sura yake. Mwaka 1934 Douglas Hartree na Arthur Porter wa chuo kikuu cha Manchester walitumia sehemu za Meccano kuunda mashine ya kukokotoa hesabu ngumu za milinganyo, nayo ikafanya kazi vizuri. Ubishi wa kufanana ulianza Hornby alipoingia katika vichezeo vinavyonunuliwa vikiwa vimekamilika.

Treni

Treni za Hornby zilianza kuuzwa mwaka 1920, zikiendeshwa kwa springi iliyokazwa kwa ufunguo. Za umeme zilifuata mwaka 1925. Zilikimbia kwenye reli zilizoachana milimita 32. Vichwa vya kwanza havikuiga kichwa chochote halisi: umbo lilikuwa moja, na rangi ndizo zilizobadilishwa ili kichwa kionekane cha kampuni hii au ile ya reli.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kiwanda kilitoa vichwa vyenye majina ambayo kila kijana wa Uingereza aliyajua: Flying Scotsman, Royal Scot, Caerphilly Castle na Lord Nelson. Vichwa halisi vilikuwa vya kampuni nne tofauti, na kila kimoja kilikuwa na magurudumu makubwa sita ya kusukuma. Vya Hornby vyote vinne vilitokana na umbo moja, na vilikuwa na magurudumu makubwa manne tu. Kijana aliyewahi kusimama kwenye jukwaa la stesheni aliweza kuhesabu na kuona kasoro.

Wanaomlaumu Hornby husema kwamba jina lililoandikwa ubavuni ni ahadi, na kwamba kampuni ya Bassett-Lowke ya Northampton iliuza wakati uleule treni zilizofanana zaidi na zile halisi. Wanaomtetea hujibu kwamba treni hizo zilikuwa ghali, na kwamba treni ya Hornby ilipaswa kupita kwenye mikunjo mikali ya reli zilizotandikwa sakafuni sebuleni. Mtambo mmoja uliotumika kwa vichwa vinne ndio uliofanya bei iwezekane kwa familia nyingi. Hoja ya pili ina uzito, lakini haijibu kwa nini majina hayo yalichaguliwa. Kiwanda chenyewe kiliona pengo hilo, kwani mwaka 1929 kilitoa vichwa vingine, kama vile County of Bedford, vilivyokaribia zaidi umbo la vile halisi.

Dinky Toys

Mwishoni mwa mwaka 1933 kiwanda kilitoa magari sita madogo kwa jina la Modelled Miniatures, ili yawekwe kando ya reli za watoto: magari mawili ya watu, lori, gari la kupelekea bidhaa, trekta na kifaru cha jeshi. Mfano ulikuwepo tayari Marekani, kwa magari ya Tootsietoy ya Chicago. Mwaka 1934 jina likabadilishwa kuwa Dinky Toys. Kwa kuwa yalikuwa wenza wa treni, ukubwa wake ulifuata treni, ingawa si kwa uangalifu mwingi. Hapo ndipo penye asili ya kipimo cha 1:43 ambacho watengenezaji wa magari madogo wanakitumia hadi leo.

Magari ya kwanza hayakuwa na jina la mtengenezaji yeyote. Mwaka 1935 yalikuja yenye majina, miongoni mwake Chrysler Airflow, Rolls-Royce na Vauxhall. Magari ya kupelekea bidhaa yalibeba matangazo ya kampuni halisi kama Pickfords na Oxo. Baadaye, mwaka 1937, bodi kadhaa za zamani zisizo na jina zilifungwa grili mpya za mbele na kuuzwa kama Bentley au Humber. Ilikuwa hila ileile ya treni.

Siasa na kifo

Mwaka 1931 Hornby alichaguliwa kuwa mbunge wa Everton kwa tiketi ya chama cha Conservative. Hakugombea tena mwaka 1935. Alikuwa na ugonjwa wa moyo na kisukari, akafariki tarehe 21 Septemba 1936. Mwanawe Roland alichukua uongozi wa kampuni. Mwaka uliofuata kilitoka kichwa cha Princess Elizabeth chenye magurudumu makubwa sita kama kile halisi, kwa bei ya ginea tano. Mwanzilishi hakukiona. Kampuni ilinunuliwa na Lines Bros mwaka 1964, na kiwanda cha Binns Road kikafungwa mwaka 1979.

Mjadala wa wakusanyaji

Kwa wakusanyaji wa leo neno usahihi lina maana mbili zinazogongana: kufanana na gari la barabarani, na kufanana na namna kichezeo kilivyotoka Binns Road. Anayepaka upya gari la Dinky kwa rangi sahihi ya Rolls-Royce analisogeza karibu na gari halisi, lakini mnadani ameliharibu. Rangi yenye michubuko, ikiwa ni ya kiwandani, hulipiwa zaidi. Matangazo yaliyobandikwa ubavuni huchunguzwa kuliko yote, kwa sababu ni rahisi kughushi na ndiyo yanayobeba bei. Mwaka 2008 gari moja dogo la aina hiyo lenye tangazo la duka liliuzwa kwa karibu pauni 20,000.

Hata rula haimalizi ubishi. Magari mengi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili yaliyeyushwa kwa zinki iliyochanganyika na uchafu wa risasi. Metali hiyo hupasuka polepole na kuvimba, hivyo gari linalopimwa leo linaweza kuwa refu kuliko lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani.